Kumupitisha Mama Ubwari

Bavijana wa Baraka, mi niliacha kazi ya ziwa nikijua hakuna kitu kimebaki cha kunishangaza. Miaka makumi mbili na sita nilipeleka boti. Niliona mbuzi anazaa katikati ya ziwa, bamama bakamukata kitovu na wembe ya muchungaji. Niliona bwana-arusi anaruka ndani ya maji karibu tufike, akaogelea kurudi alikotoka, na suti yake na viatu. Nilibeba jeneza na fanfari yake, tarumbeta na ngoma yote. Nilibeba mukubwa mumoja wa serikali, akatapika ndani ya kofia yake mwenyewe, na tulipofika akaivaa. Kila siku nilisema: leta ingine. Kumbe mwenye angenishangaza alikuwa analala kwangu nyumbani, chumba cha pili, na ndiye alinizaa.

Lakini kwanza mujue mwenye anawaambia haya. Mi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri, wa ine sikuuona. Sikurithi boti, sikuoa mutoto wa tajiri. Nilianza na mugongo. Munajua, hapa kwetu boti haifiki mpaka kwenye muchanga. Inasimama kwenye maji ya kiuno, na abiria mwenye hapendi kulowanisha suruali anapanda mugongo wa kijana. Ule kijana ni mimi. Mugongo huu ulibeba mapadri, ukabeba balimu na chaki yao, ukabeba mama mumoja mwenye kilo mia na zaidi, na bido ya plastiki ya mafuta ya mawese ameiweka juu ya kichwa changu kama vile mi ni meza. Kutoka mugongo nikaenda kwenye kopo ya kutoa maji. Kutoka kopo nikashika moteri. Kutoka moteri nikanunua boti yangu, mita kumi na ine, mbao ya kweli. Nani mwingine alifanya vile hapa? Muniletee jina lake, nimununulie chai.

Kubeba muntu iko na akili yake. Bengine banamuvuta mikono, banamushika kwapa, muntu anaogopa, anajikaza, munaanguka wote. Hapana. Unamupa mugongo, unachuchumaa, unangoja. Unangoja mpaka yeye mwenyewe akukumbatie. Muntu mwenye amekukumbatia mwenyewe hapigane na wewe. Leo wale banakuja kwangu kuona namna namutoa mama kitandani banashangaa. Banauliza nilisomea wapi. Nilisomea kwenye maji ya kiuno.

Mwalimu wangu alikuwa muzee Alimasi, mwenye boti ya kwanza nilifanya nayo kazi. Alikuwa muntu wa maneno kidogo na kamba ya kulowana maji. Kama umekosea, kamba inakupata kwanza, maelezo inakuja nyuma. Siku moja tulikuwa tunavuka kwenda Kigoma, abiria mumoja akaanza kulia: "Tunazama! Maji inaingia! Tunazama!" Mi, na kiburi ya kijana, nikamujibu: "Hatuzame! Uko kipofu? Maji iko wapi?" Yeye akasimama anionyeshe maji. Mi nikasimama nimuonyeshe haiko. Batu bakasimama kuangalia banaume wawili. Boti ikalala upande. Kidogo tu maji iingie ya kweli.

Kamba ikanipata kwenye shingo. Kisha muzee akachukua kopo, akamupatia ule abiria na heshima yote: "Baba, utusaidie. Umeona maji kutupita wote. Utoe." Ule baba akakaa, akaanza kutoa maji, hata kama ilikuwa ya kujaza kikombe tu. Alitoa mpaka Kigoma. Tuliposhuka alikuwa anaambia batu kwenye muchanga kwamba bila yeye tungekufa, na muzee Alimasi anakubali na kichwa: "Kweli, kweli kabisa."

Jioni muzee akaniambia: "Muntu mwenye anaogopa, usibishane na kile anaona. Ingia mule iko, umupatie kazi."

Nikasema ndiyo, muzee. Nikafikiri nimeelewa. Ilinichukua miaka makumi tatu kuelewa.

Sasa mama. Mama yangu aliuza ndagala, ile samaki ndogo ya ziwa, kwenye soko ya Baraka tangu mi mutoto. Hakuandika kitu hata siku moja, na hakuna muntu alimuibia hata bakuli moja. Alijua kila mwenye kununua, na mutoto wake, na koko yake mwenye alizaa mama yake. Ule kichwa ndiyo kilianza kuvuja. Kwanza chumvi ndani ya chai. Tukacheka. Kisha akaniita na jina ya ndugu yangu mudogo mwenye alikufa zamani. Hatukucheka. Kisha akaanza kumusalimia bibi yangu wa ndoa, Mama Riziki, kila asubuhi kama jirani mupya: "Dada, weye ulifika lini hapa? Batoto yako bamepata shitingi?"

Shitingi, ile plastiki banatupatiaga kambini kufunika nyumba. Hapo ndiyo tulijua mama iko wapi. Mwili iko Baraka, akili imerudi kambini, Tanzania, kule tulikimbilia wakati wa vita na tukakaa miaka mingi.

"Nirudishe kwetu," anasema.

"Mama, hapa ndiyo kwetu. Hapa ni Baraka."

"Baraka gani? Unaniona mi mutoto?"

"Angalia basi ile ziwa!"

"Ziwa hata Kigoma iko. Weye kijana, usinichezee. Niko na batoto banangoja."

Mi ndiye mutoto wa kwanza wa wale batoto, nimesimama mbele yake na ndevu nyeupe. Nikabishana naye. Nikamuletea picha, nikamuletea jirani wa zamani, nikamupeleka mpaka kwenye soko, pale meza yake ilikuwa. Aliangalia meza, akasema: "Bale ba kambi banajua kuiga."

Miezi mitatu nilibishana. Ilikuwa kila siku mi nasimama, yeye anasimama, na boti inalala.

Kisha akaacha kula.

Hakukataa kwa hasira, hapana. Unamuletea bugali na sombe ya majani ya muhogo, anapokea na mikono mbili, anasema asante mingi, Mungu akuongeze. Unarudi, sahani iko safi. Tukafurahi. Lakini mabega yake ilianza kutoka kama hanga ya kutundikia nguo, na Mama Riziki, mwenye hadanganywe na sahani, akainama chini ya kitanda. Akanivuta pale. Kulikuwa furushi ya kitenge. Ndani, bugali ya siku ine, samaki mukeke ya kukauka, viazi, mikate, vyote vimefungwa vizuri sana, kimoja kimoja, kama vya soko. Juu yake sufuria ndogo na sabuni.

"Anafunga safari," Mama Riziki akasema.

"Mama, kwa nini haukule?" nikamuuliza.

"Nitakula, kapiteni. Wakati yake itafika." Ile wakati alishaanza kuniita kapiteni, sababu ya kofia yangu.

Nikamuletea wali. Nikamuletea kuku. Nikamuletea Fanta, akaifunga nayo. Jirani mumoja akaja kunong'ona kwamba ni mapepo, kwamba iko muntu wa maombi mwenye anaweza kumufungia ndani ya chumba siku saba. Nilimusindikiza mpaka kwenye njia na maneno siwezi kuandika hapa. Muforomo, muuguzi wa kituo cha afya, yeye alimupima mama, akamuongelesha vizuri, kisha akanitoa inje. Akaniambia hii ni ugonjwa wa kichwa cha uzee, dawa ya kuirudisha nyuma haiko. Lakini kile kitamumaliza mama si kichwa, ni njaa. "Papa, kama hakule, mwezi huu haumalize."

Mi, mwenye nilivusha batu elfu na elfu, nikakaa kwenye benchi ya kile kituo na kofia mukononi. Mama Riziki akanikuta pale. Akaniambia: "We unajisifu muji muzima kwamba hakuna abiria alikushinda. Haya. Uko na mumoja."

Bibi yangu anajua kuchoma. Lakini alichoma mahali muzuri. Nikakumbuka shingo yangu na ile kamba ya maji. Ingia mule iko. Mama iko Kigoma, anataka kuvuka. Na mi kazi yangu ni nini?

Boti nilikuwa nimeiuza wakati kiuno ilikataa, na mwenye kuinunua ni Wilondja, mwenye nilimufundisha mi mwenyewe tangu kopo mpaka moteri. Leo ni muntu mukubwa, tumbo mbele. Nikaenda kwake.

"Wilondja, uniazime boti nusu siku. Nataka kuvusha mama yangu."

"Kukuazima?" Akaegama kwenye mbao. "Kapiteni, nani alipaka maneno kwenye hii boti, na rangi nyekundu, 'Hata mama yangu analipa'?"

Ni kweli. Nilipaka mi mwenyewe, sababu ya batu benye banasema mi ni ndugu yako, mi ni shemeji, unipandishe bure. Hakuna muntu alipanda bure kwangu. Ile ndiyo ilinijengea nyumba ya mabati.

"Utapunguza basi," nikasema.

"Ulinifundisha pia hakuna kupunguza."

Nilimulaani, na ndani nilikuwa nafurahi. Nilimufundisha vizuri.

Safari ya kwanza nilifanya kijinga, na ninawaandikia muicheke, lakini mujifunze. Nilijiambia: ni mama wa kusahau, atajua nini? Nilichoma esansi ya moteri kidogo tu, nikapita karibu na kando ya ziwa kwenda upande wa Nundu, dakika makumi mbili, nikageuza, nikarudi palepale. Nikapiga kelele na furaha: "Mama! Tumefika Baraka!"

Mama alikuwa amekaa katikati, furushi kwenye magoti. Aliangalia muchanga. Aliangalia milima. Kisha akaniangalia, na ile macho ilikuwa ya soko, ya wakati ule muntu anajaribu kumupunja bakuli.

"Weye mwizi."

"Mama…"

"Unazunguka na batu. Ubwari hatujapita. Utanifikisha nyumba ya nani kabla ya kupita Ubwari?"

Kwa mwenye hajafika kwetu: Ubwari ni ile mulima murefu imeingia ndani ya ziwa, inafunga Baraka kama mukono umekunjwa. Kati yake na sisi ni ghuba. Mwenye anatoka Kigoma lazima azunguke kichwa cha Ubwari, kule kaskazini, ndiyo aingie. Hakuna njia ingine. Na mama yangu, mwenye alisahau jina yangu, alisahau bwana yake alikufa, alisahau chumvi na sukari, ile njia hakuisahau.

Muchanga muzima ulicheka. Bavijana wa kubeba batu balikuwa banalala chini. "Kapiteni amekamatwa! Kapiteni amekamatwa na koko!" Wilondja alikuwa anajipiga mapaja.

"Basi ushuke tu, mama, ule kidogo, kesho…"

"Nile nini? Chakula hakifunguliwe kabla ya kupita Ubwari. Haukuambiwa na mama yako?"

Nilikuwa nimesimama ndani ya maji ya kiuno. Niliambiwa. Niliambiwa na yeye mwenyewe.

Siku tulikimbia, tulikuwa batu mingi kwenye boti ya muzee Alimasi, batoto banalia njaa, na mama alikuwa na bugali moja ndani ya kitenge. Akasema: hakuna mwenye anagusa hii kabla ya kupita mwisho wa Ubwari. Sababu kama banaturudisha nyuma, tutakuwa na kitu. Kama tumepita, tumepona, tutakula. Tulipita, akafungua, akagawa na kidole, kila mutoto kipande sawa na kiberiti. Na miaka ile ingine, siku tulirudi Congo, mi nikiwa kwenye kopo, akafanya vile vile. Hakuna kula kabla ya Ubwari. Alipoona Ubwari imepita ndiyo alifungua, akalia, akakula.

Basi siku zote zile mama hakuwa anakataa chakula. Alikuwa anatuwekea. Mi ndiye sikumupitisha.

Muniache nijisifu sasa, sababu safari ya pili nilifanya kama kapiteni.

Upepo wa ghuba yetu unaanza kusumbua karibu na saa sita, kwa hiyo saa moja ya asubuhi mama alikuwa kwenye muchanga. Nikampa mugongo. Nikachuchumaa. Nikangoja, ndani ya maji, kiuno kinaniuma mpaka kwenye meno. Hakupanda.

"Nauli ngapi?"

"Elfu kumi, mama."

"We! Elfu kumi ya mukimbizi? Jana ulinizungusha bure, leo unaniambia elfu kumi?" Haikuwa jana, ilikuwa wiki imepita, lakini sikubishana. Nimeacha ile tabia.

"Mama ataniambia bei yeye."

"Mia mbili ya Tanzania. Na nalipa nikifika. Kama hatufike, unanirudisha mugongoni na haupate kitu."

"Sawa, mama."

Ndiyo akanikumbatia shingo. Alikuwa muepesi. Nilibeba bido za esansi nzito kuliko yeye.

Iko shida moja, na hapa ndiyo muone akili. Ukitoka Baraka, Ubwari iko mukono wa kuume. Ukitoka Kigoma, Ubwari iko mukono wa kushoto, tangu unaiona mpaka unafika. Mama angeona Ubwari kuume angejua tunaenda, haturudi, na angesimama ndani ya boti. Nikatundika shitingi upande wa kuume, toka juu mpaka chini, nikasema ni sababu ya mawimbi. Na nikamupatia kopo. "Mama, utusaidie. Maji inaingia kidogo."

Aliangalia chini. "Hii boti yako imeoza," akasema, akaanza kutoa maji. Wilondja alikuwa kwenye moteri, na boti ni yake, akaendelea kupeleka tu. Tulienda hivyo saa nzima na nusu, shwaa, shwaa, maji kidogo inarudi ziwani. Muzee Alimasi angeniona.

Tukapita kichwa cha Ubwari. Tukaenda mbali kidogo, ziwa kubwa, hakuna kitu mbele. Nikamuambia Wilondja azime moteri. Nikamimina chai, mama akashika kikombe, hakunywa. Boti ikageuka pole pole, kama peke yake, kumbe ni kasia yangu. Kisha nikatoa shitingi.

"Mama. Ile ni nini?"

Aliweka mukono juu ya macho. Milima ilikuwa pale, mukono wa kushoto, inatembea kuja kwetu. Wilondja akawasha. Tukakaribia kichwa, tukazunguka, ghuba ikafunguka, na kule mwisho mabati ya Baraka inaangaza.

"Tumepita," mama akasema.

"Tumepita, mama."

"Hakuna mwenye anaturudisha."

"Hakuna."

Akafungua furushi. Mama Riziki, mwenye akili, alikuwa amebadilisha vyote na vya asubuhi ile, bugali na ndagala ya kukaanga, amefunga na fundo ya mama mwenyewe. Mama akamega. Akakula. Nilihesabu matonge, mi mwanaume muzima, mpaka nikapoteza hesabu. Kisha akamega ingine, akanyoosha mukono.

"Kula, kapiteni. Uko na mama?"

"Niko naye. Iko Baraka."

"Anakula?"

"Leo anakula."

"Ufanye haraka basi, umurudilie. Usimuache mukubwa peke yake." Na akampa Wilondja tonge sawa na kiberiti, na Wilondja, na tumbo ile yote, akalipokea na mikono mbili, akaangalia upande wa maji.

Tangu ile siku mama anakula. Siyo kila siku vizuri, sitawadanganya. Akianza tena kufunga chakula, Mama Riziki anamuambia: "Mama, Ubwari tulishapita." Anawaza. "Ah, ndiyo. Na ule kapiteni." Anafungua. Jina yangu haijarudi, na muforomo ananiambia haitarudi. Lakini waulize wageni wote benye banaingia kwangu: anabaambia aliletwa na kapiteni mumoja, boti yake imeoza, lakini njia anaijua.

Kwa hiyo bavijana, mukiwa na mukubwa nyumbani mwenye kichwa kinavuja, musisimame. Mukae. Mumuulize iko wapi na anakwenda wapi. Kisha mutafute boti.

Sijamaliza na ile siku. Tulipofika, hakuna kijana wa muchanga mwenye alicheka. Nikampa mugongo, nikamuweka kwenye muchanga mukavu. Akafungua kona ya kitenge, akatoa kichele kimoja, pesa ya chuma ya shilingi mia mbili za Tanzania, kilichakaa mpaka sura imefutika, pesa yenye hata muuza karanga wa hapa hapokee. Akaniwekea mukononi. Hakuondoka.

"Change," akasema.

"Mama, tulisema mia mbili."

"Ile ni pesa ya Tanzania. Iko nguvu kuliko ya huku. Rudisha change."

Wilondja alitazama pembeni. Nikatia mukono mufukoni, nikampa noti. Akaiinua kwenye jua, akaikagua, akaifunga kwenye kona ileile.

Kile kichele niko nacho. Esansi ya safari mbili, mafuta ya kuchanganya, makaratasi ya ruhusa ya kutoka kwenye muchanga, boti ya Wilondja bila kupunguza, ilikuwa dola makumi nane na sita. Na ile change ya mama: franka mia tano. Ndiyo bei nilinunua kile kichele: dola makumi nane na sita na franka mia tano.